Wanafunzi wa Misheni Wajifunze Sarufi ya Msaada

Vyuo vikuu na shule zetu zinapofungwa, vyama vya wanafunzi Wakristo huanza kujiandaa kwa misheni. Michango hukusanywa, basi hukodiwa, magodoro na masufuria hupakiwa, na vijana hufunga safari kwenda mahali ambapo wengi wao hawajawahi kukanyaga. Kwa miaka mingi kazi ya misheni hizo imekuwa kuhubiri nyumba kwa nyumba na kuzuru shule. Mvua za miaka ya karibuni zimeongeza wito mwingine, nao ni kwenda kuwafaa watu waliopoteza makao, mashamba na jamaa zao katika mafuriko. Wito huo ni mwema, na makala haya hayakusudii kumvunja moyo kijana yeyote aliyeuitikia. Yanakusudia kumwuliza swali moja kabla ya basi kuondoka: je, unakwenda huko ukiwa nani?

Swali hili si la kifalsafa tu. Jibu lake husikika wazi kijana anaporudi na kusimama mbele ya wenzake kutoa ushuhuda. Msikilizeni kwa makini. Atasema: tuliwapelekea unga, tuliwajengea choo, tuliwafundisha, tuliwaombea, tuliwatia moyo. Vitenzi vyote hivyo vina umbo moja. Mwanzoni kipo kiambishi cha nafsi "tu-", yaani sisi watendaji. Katikati kipo kiambishi cha yambwa "-wa-", yaani wao watendwa. Ushuhuda mzima unaweza kupita bila wenyeji kuwa kiima cha sentensi hata moja. Hawakusema neno, hawakuonyesha njia, hawakupika, hawakuamua. Walikaa tu kungoja kutendwa.

Mwanaisimu akisikia hayo hawezi kukaa kimya, kwa sababu sarufi ya mtu aghalabu hufichua fikira zake. Na jambo la ajabu ni kwamba Kiswahili kinahitaji kubadilisha nafasi za viambishi viwili tu ili picha yote igeuke. "Tuliwafundisha" huwa "walitufundisha". "Tuliwaonyesha" huwa "walituonyesha". Hoja yangu ni kwamba safari ya misheni inayokwenda kwenye maafa itafaulu au kuanguka kwa kadiri inavyojiandaa kuzisema sentensi za aina ya pili, na kuzisema kwa ukweli.

Tuchukue mfano wa Kaunti ya Tana River. Mvua za El Niño zilizonyesha kati ya Oktoba na Desemba 2023 ziliua watu zaidi ya 160 nchini Kenya, na barabara ya kutoka Nairobi kwenda Garissa ikakatwa na maji karibu na Madogo. Watu hawajamaliza kutoa matope nyumbani mwao, masika ya Machi hadi Mei 2024 yakaleta mafuriko mapya, na nchini kote wakafariki watu zaidi ya 280. Mnamo Aprili 28 mashua iliyobeba watu ilizama Kona Punda, mahali ambapo maji yalikuwa yamefunika barabara. Usiku wa kuamkia Aprili 29 wakazi wa Kamuchiri, Mai Mahiu, wakasombwa wakiwa usingizini. Shule zilizotarajiwa kufunguliwa tarehe hiyo hazikufunguliwa hadi Mei 13. Mwezi huo huo wa Mei kipindupindu kikaripotiwa Tana River.

Mai Mahiu iko kando ya barabara kuu, si mbali na Nairobi, na kwa hivyo viongozi na wapiga picha walifika upesi. Vijiji vilivyo kandokando ya Tana, kutoka Madogo kupitia Hola hadi Garsen na kwenye delta, viko mbali na macho hayo. Hapo ndipo basi la wanafunzi linaweza kuwa na maana. Lakini mwanafunzi anayeshuka kutoka basi hilo akidhani kwamba ametoka mahali penye vitu kwenda mahali pasipo na kitu, anahitaji kukumbushwa mambo matatu.

La kwanza, taa anayosomea. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yote yamejengwa juu ya mto Tana, nayo yametoa sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii kwa miongo mingi. Mabwawa hayo yanapojaa, maji ya ziada hufurika na kushuka kwa watu wa chini. La pili, maji anayokunywa. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kwenye mto Thika, nao mto Thika humwaga maji yake katika Tana. La tatu, wimbo anaousimamia wima. Mahadhi ya wimbo wetu wa taifa yalitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Kabla mwanafunzi hajafungua mfuko wa kwanza wa unga, tayari Tana imemwangazia, imemnywesha na imemwimbia. Kwa hiyo safari yake ina sura ya mdeni anayekwenda kulipa sehemu ndogo ya deni, si ya tajiri anayekwenda kugawa.

Baada ya kulielewa hilo, kijana na afikirie ulimi wake. Wengi wa wanafunzi wetu hudhani kwamba kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, wakifika popote nchini watasikizana na kila mtu. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wanaisimu huziweka lugha hizo mbili, pamoja na Kimijikenda, Kielwana na lugha za Ngazija na visiwa vinginevyo vya Komoro, katika kundi moja liitwalo Sabaki. Lakini undugu wa lugha si maelewano. Kiorma nacho ni lugha ya Kikushi, na hakina undugu wowote na Kiswahili. Bibi kizee aliyepoteza mbuzi wake wote hawezi kueleza uchungu wake kwa lugha aliyojifunzia sokoni, tena mbele ya kijana anayechanganya Kiswahili na Sheng. Anahitaji mtu wa kwao akae kati. Kundi lolote linalopanga safari bila kupanga wakalimani wenyeji, na kuwalipa ujira wao kama wafanyakazi wengine, limepanga kuongea peke yake.

Hata salamu ni jambo la kupimwa. Mwanafunzi aliyezoea kufungua kila mkutano kwa "Bwana asifiwe" huona amesalimu. Lakini Waorma ni Waislamu, na miongoni mwa Wapokomo wapo Waislamu wengi pamoja na Wakristo. Penye boma la Mwislamu salamu hiyo husikika kama tangazo la kambi ambayo mgeni ametoka. Kabla hajaulizwa hali, mwenyeji tayari amejua kwamba kuna kitu anachotakiwa kukubali. "Shikamoo" kwa wazee na "hamjambo" kwa wengine hazipunguzi imani ya mtu, na zinaacha mlango wazi.

Hapo tumefika penye utata wa misheni hizi, na si haki kuuruka. Yapo maswali ya kweli upande huu na upande ule. Kijana Mkristo atauliza: je, nifiche imani yangu? Ikiwa imani ndiyo iliyonitoa nyumbani, nitawezaje kuinyamazia? Mwenyeji naye, hata kama haulizi kwa sauti, anajiuliza: je, unga huu una bei gani?

Mwaka wa 1994 Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, pamoja na mashirika mengine ya misaada, yalikubaliana juu ya kanuni za maadili wakati wa maafa. Mojawapo husema kwamba msaada hutolewa bila kujali rangi, imani wala uraia wa anayepewa, na nyingine kwamba msaada hautumiwi kueneza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 32, inalinda uhuru wa kila mtu wa dhamiri na dini, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Wapo watakaosema kwamba hakuna mwanafunzi anayemlazimisha mtu. Kwa fimbo, la hasha. Lakini mtu mwenye watoto wenye njaa, aliyesimama foleni juani, akiambiwa kwamba kwanza kutakuwa na mahubiri kisha unga, ana uhuru gani wa kuondoka? Historia ya misheni katika bara la Asia ina jina la dharau walilobandikwa watu waliodaiwa kubatizwa kwa ajili ya mchele. Dharau hiyo iliwaangukia maskini, lakini aibu ilikuwa ya waliouweka mchele na ubatizo kwenye mizani moja.

Kwa mwanafunzi Mkristo, hata hivyo, si lazima hoja itoke kwa mashirika wala katika sheria. Maandiko anayoyabeba mkobani yanamtosha. Yule Msamaria katika Injili ya Luka hakumhubiria mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi. Alifunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni. Wahubiri wengi huishia hapo. Mimi napenda sehemu inayofuata: kesho yake alimkabidhi mwenye nyumba dinari mbili, akamwachia mgonjwa, na akaahidi kwamba atakaporudi atalipa kitakachozidi. Yaani mpita njia alitambua kwamba yeye ni mpita njia. Kazi ya kuuguza aliiacha mikononi mwa mtu wa mahali pale, akaigharimia, akajifunga kurudi.

Nehemia alipofika Yerusalemu kuujenga upya ukuta, alikaa siku tatu, akauzunguka usiku na kukagua mahali palipobomoka kabla hajamwambia mtu yeyote nia yake. Na marafiki wa Ayubu, ambao leo tunawataja kwa kejeli, walianza vizuri sana: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu mno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumweleza kwa nini maafa yamempata. Kijana atakayemwambia mama wa Tana kwamba mafuriko ni adhabu ya dhambi atakuwa amelirudia kosa hilo, na atakuwa amesahau mabwawa, mikoko ya maji iliyoziba na misitu iliyokatwa.

Wala utamaduni huu wa kutanguliza sikio si mgeni katika historia ya misheni ya pwani yetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akawazika hapo mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alihamia Rabai. Alikuja kuhubiri, lakini alijua kwamba hawezi kuhubiri kwa lugha asiyoijua, hivyo akaketi kujifunza kwa wenyeji. Mwaka 1850 akachapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Mtu anaweza kupinga mengi katika fikira za wamisionari wa enzi hiyo. Hata hivyo, kazi zote mbili ni matunda ya sentensi ya aina ile ya pili: walinifundisha.

Sasa tuje kwenye mambo ya vitendo, maana nia njema bila mpango huwa mzigo kwa mwenyeji. Wakati wa maji kujaa si wakati wa wanafunzi. Siku hizo ni za watu wenye mashua, mafunzo na madawa. Kijana asiyejua kuogelea akifika siku ya pili ya mafuriko huwa ni mtu mmoja zaidi wa kuokolewa. Kazi ya mwanafunzi huanza wiki kadhaa baadaye, kamera zikishaondoka: kutoa matope majumbani na madarasani, kuchimba vyoo upya, kusafisha visima na kuvitia klorini chini ya uongozi wa afisa wa afya, kukausha vitabu, kusaidia kupanda maji yanaporudi mtoni na kuacha rutuba kwenye kingo. Wanaosomea ualimu wanaweza kutumia likizo kuwafidia watoto masomo waliyoyapoteza shule zilipogeuzwa kambi. Wanaosomea uuguzi wafanye kazi mbele ya muuguzi aliyesajiliwa, kwa maana mgonjwa wa kijijini si chombo cha mazoezi.

Tena kundi lifanye hesabu ya maji. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani huweka lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi cha chini cha kunywa, kupika na kunawa. Wanafunzi 40 wakikaa siku saba watahitaji lita 4,200. Zitatoka wapi? Ikiwa zitatoka kwenye tangi la kijiji kilichokumbwa na kipindupindu, basi kundi limekwenda kunywa maji ya watu walioathirika. Wajitegemee kwa maji, chakula na mahema. Unga na misumari vinunuliwe Garsen au Hola, ili mwenye duka ambaye naye amepata hasara aanze kuinuka. Na penye kazi ya fundi mwashi wa kijiji, fundi huyo alipwe aiongoze, wanafunzi wamsogezee mawe.

Kabla ya yote hayo, barua iandikwe na jibu lingojewe. Waulizwe chifu, tawi la Msalaba Mwekundu, ofisi ya kaunti inayoshughulikia maafa, viongozi wa makanisa na wa misikiti ya mahali hapo: mnahitaji nini, na je, mnatuhitaji sisi? Jibu likiwa "hapana, tumeni mbegu", basi zitumwe mbegu. Kundi lisiloweza kukubali jibu hilo lilikuwa linakwenda kwa ajili yake lenyewe.

Yuko msomaji atakayesema kwamba afadhali vijana hawa wakae nyumbani na nauli yao itumwe. Hoja hiyo ina uzito. Tuseme kila mmoja wa wanafunzi 40 amechanga shilingi 5,000. Hizo ni shilingi 200,000, nazo zingenunua mbegu nyingi. Lakini hesabu hiyo imeacha kitu. Kijana aliyeshika koleo ndani ya darasa lililojaa matope hadi kwenye madirisha, leo ni mwanafunzi. Kesho atakuwa mhandisi anayechora mkondo wa maji, au afisa anayeidhinisha ujenzi bondeni, au mwalimu anayefundisha watoto wa mahali kama pale. Kitu alichojifunza hapo hakimo katika mihadhara yetu. Basi tukiri wazi kwamba katika safari hii anayefundishwa ni mwanafunzi. Na anayefundishwa hulipa karo. Jasho lake la wiki moja ndiyo karo yake kwa watu wa Tana, na hapaswi kuliita zawadi.

Kwa walimu walio walezi wa vyama hivi, nina pendekezo la darasani. Wanafunzi wanaporudi, kila mmoja aandike insha ya safari yake. Kisha mwalimu awaambie wapige mstari chini ya kila kitenzi chenye "tuliwa-", na chini ya kila kitenzi chenye "walitu-", wahesabu. Wasisahihishe insha kwa kubadilisha maneno tu, kwani huo utakuwa unafiki. Waulizane: kwa nini upande mmoja una vitenzi 30 na mwingine viwili? Je, kweli hakuna aliyetuonyesha, aliyetupikia, aliyetukataza, aliyetusamehe? Wachunguze pia majina wanayowaita wenyeji. "Mwathiriwa" ni mtu aliyetendwa na maafa, na umbo la neno lenyewe ni la kutendwa. "Manusura" ni mtu aliyeponea chupuchupu, na mtu huyo ana habari ya kusimulia juu ya namna alivyopona. Zaidi ya yote, ana jina lake, na aliyeishi naye siku saba bila kulijua hakuishi naye. Picha nazo ziingie katika hesabu hiyo: mtoto aliye uchi matopeni asipigwe picha ambayo mpigaji asingeruhusu ipigwe mdogo wake.

Wahenga walituachia methali mbili zinazohusu mgeni, na zinafaa kwenda pamoja. Ya kwanza husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijana wetu huipenda hii, kwa sababu huwafanya wao kuwa dawa. Ya pili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii haipendwi sana, lakini ndiyo inayoifanya ile ya kwanza iwe kweli. Tazameni anayetoa jembe ni nani: ni mwenyeji. Yeye ndiye anayejua shamba liko wapi, palimwe kina gani, na mgeni ashike upande upi. Mgeni hupokea jembe na kuinama.

Kiswahili kina kauli ya kutendana, na kutokana na "kusaidia" tunapata "kusaidiana". Kauli hiyo haina mtendaji wa upande mmoja wala mtendwa wa upande mwingine. Mvua zitanyesha tena, Tana itafurika tena, na vyama vya wanafunzi vitakodi basi tena. Viende. Lakini viende vimealikwa, vikijitegemea, vikiwa na sikio mbele na ulimi nyuma, bila kuuza neno kwa unga, na kama alivyofanya Msamaria, viache ahadi ya kurudi na kuitimiza. Mwaka utakaofuata kijana ashuke tena penye kituo kile kile, aulize habari za mtu kwa jina lake, na mtu huyo ampe jembe bila kumwuliza yeye ni nani.